Gigabiti Nne za Kwenye Karatasi

Katika nyaraka za zabuni za vifaa vya mtandao kuna sentensi inayojirudia kiasi kwamba hakuna tena anayesimama kuihoji. Husema kwamba swichi mbili zitaunganishwa kwa viungo 4, kila kimoja cha gigabiti 1 kwa sekunde, na kwa hiyo kati ya swichi hizo kutakuwa na uwezo wa gigabiti 4. Kujumlisha huko hakuna kosa. Tatizo ni kwamba anayeisoma huelewa kuwa amenunua njia moja pana ya gigabiti 4, na vifaa alivyoletewa havikuundwa kuwa njia ya namna hiyo. Kazi ikishakabidhiwa, ofisi hunakili faili moja kubwa kutoka seva moja kwenda nyingine, kasi inagota kwenye gigabiti 1 na haipandi tena. Fundi huambiwa amefunga vibaya. Mara nyingi hakufunga vibaya hata kidogo; kilichoandikwa vibaya ni zabuni. Hoja yangu leo ni kwamba fungu la viungo hugawa mazungumzo ya kompyuta, na huyagawa bila kuujua uzito wa lolote kati yake. Asiyelishika jambo hili hulipia uwezo ambao hataupata, na fedha hiyo ikiwa ni ya shule, ya hospitali au ya halmashauri, hasara ni ya watu ambao hawajawahi kuiona hiyo swichi.

Tuanze na asili ya mafungu haya. Wazo la kuzifunga kebo kadhaa pamoja ili swichi izione kama kebo moja lilipata umbo la kibiashara mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kampuni ya Marekani iliyoitwa Kalpana, ambayo ililiita EtherChannel. Cisco iliinunua Kalpana mwaka 1994. Kwa miaka kadhaa kila mtengenezaji alikuwa na namna yake, hata swichi ya kampuni moja haikuelewana na ya kampuni nyingine, mpaka taasisi ya wahandisi ya IEEE ilipopitisha kiwango cha 802.3ad mwaka 2000. Mwaka 2008 kiwango hicho kilihamishiwa kwenye kundi jingine kikapewa namba 802.1AX. Ndani yake mna itifaki ya LACP, ambayo kwayo swichi mbili hujulishana viungo vipi ni vya fungu moja na vipi viachwe nje. Faida zinazotajwa daima ni mbili: uwezo huongezeka, na kebo moja ikikatika nyingine huendelea na kazi. Zote mbili ni za kweli, ila kila moja ina sharti lake. Nami nitakaa zaidi kwenye ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa sauti kubwa na kuelezwa kwa sauti ndogo.

Kwa nini swichi isichukue pakiti ya kwanza ikaipeleka kiungo cha kwanza, ya pili cha pili, ya tatu cha tatu, ya nne cha nne, kisha ikaanza upya? Mgawanyo ungekuwa sawasawa, na faili moja ingepita kwenye viungo vyote vinne kwa pamoja. Jibu liko upande wa anayepokea. Viungo vinne, hata vikiwa na kasi moja, havina foleni moja. Pakiti kubwa ikitangulia kwenye kiungo cha kwanza na ndogo ikafuata kwenye cha pili, ile ya nyuma inaweza kufika kabla ya iliyotangulia. Sasa, itifaki ya TCP, inayobeba kurasa za tovuti, barua pepe na faili nyingi tunazotumiana, ilijengwa juu ya dhana kwamba pakiti iliyochelewa sana huenda imepotea njiani. Mpokeaji akipata pakiti isiyo ya zamu yake hurudia kukiri ileile ya mwisho aliyoipokea kwa mpangilio, na mtumaji akiona kukiri huko kumerudiwa mara 3, huamua kwamba pakiti imepotea. Huituma tena, na kibaya zaidi hupunguza kasi, kwa desturi karibu nusu, akiamini kwamba mtandao umeelemewa. Kwa hiyo ule mgawanyo wa zamu kwa zamu, unaovutia sana kwenye karatasi, unaweza kuifanya mashine inayotuma ipunguze mwendo wakati njia zote ziko wazi. Ndiyo maana kiwango cha IEEE kinashikilia sharti moja kuliko jingine lolote: pakiti za mazungumzo yaleyale zifike kwa mpangilio uleule zilivyoondoka. Namna ya kugawa kimemwachia mtengenezaji aichague, lakini mpangilio usivurugwe. Na njia iliyo rahisi kuliko zote ya kutouvuruga ni kuzifunga pakiti zote za mazungumzo mamoja kwenye kiungo kimoja.

Hapo ndipo inapoingia hesabu ambayo mafundi huiita heshi. Swichi husoma namba zilizoandikwa kwenye kichwa cha pakiti: anwani ya MAC ya anayetuma na ya anayepokea, au anwani za IP, au pamoja na hizo namba za poti za programu zinazozungumza. Huzichanganya kwa kanuni isiyobadilika, hupata namba moja, na namba hiyo ndiyo inayotaja kiungo. Pakiti zenye vichwa vinavyofanana hupata jibu lilelile kila mara, hivyo hupita njia ileile, na mpangilio unalindwa bila swichi kukumbuka chochote. Ni sawa na karani wa bandarini mwenye malori manne na amri kwamba mzigo wa mwenye mali mmoja usitawanywe: hutazama tarakimu ya mwisho ya risiti na kutaja lori, bila kuuliza mtu ameleta gunia moja au magunia mia tano. Uamuzi hufanyika kwa kasi ya ajabu, maana swichi ya kawaida hupitisha mamilioni ya pakiti kwa sekunde na haina nafasi ya kufikiri. Lakini kasi hiyo ina bei yake, na bei ni upofu. Kanuni haijui kiungo kipi kimejaa, wala haijui mazungumzo yapi yatakwisha sasa hivi na yapi yatadumu usiku kucha.

Tuupime upofu huo kwa hesabu. Chukua seva 4 zinazotuma data kwa wakati mmoja kupitia fungu la viungo 4, na tuseme heshi ni nzuri kabisa, kila seva ina nafasi sawa ya kuangukia kiungo chochote. Namna zote za kupangika ni 4 mara 4 mara 4 mara 4, yaani 256. Kati ya hizo, zile ambazo kila seva inapata kiungo chake peke yake ni 24 tu, ambazo hazifiki asilimia 10. Katika nyingine zote 232 kuna angalau kiungo kimoja kinachokaa bure huku kwingine watu wamebanana. Hali inayotokea mara nyingi kuliko zote, namna 144 kati ya 256, ni kwamba seva mbili zinagombea kiungo kimoja, mbili nyingine zina nafasi zao, na kiungo cha nne hakina kazi. Na namna 52, takribani moja katika kila tano, huwasonga watatu au wote wanne kwenye kebo moja. Ukipanda hadi seva 8 kwenye viungo 8, uwezekano wa kila mmoja kupata njia yake unashuka hadi mara 1 katika 416. Hapa hakuna hitilafu ya kifaa wala uzembe wa mtu. Hivi ndivyo bahati inavyogawanyika wagawiwa wakiwa wachache. Kwa hiyo mtu anayesema fungu la viungo 4 litampa gigabiti 4 kwa seva zake 4, anaahidi jambo ambalo hutokea chini ya mara moja katika kila kumi.

Na hapo tumedhani kwamba heshi ni nzuri. Heshi za zamani, na baadhi ya zile za swichi za bei nafuu, hutumia tarakimu chache za mwisho za anwani, kisha hugawanya kwa idadi ya viungo na kuchukua baki. Sasa fikiria msimamizi mwenye mpangilio mzuri aliyezipa seva zake anwani za IP zinazoishia na 20, 40, 60 na 80, ili aache nafasi katikati kwa mashine za baadaye. Gawanya kila moja kwa 4: baki ni 0, 0, 0 na 0. Seva zote nne zimepanda kebo moja, na utaratibu wake mzuri ndio uliozibananisha. Angezipa 10, 20, 30 na 40 angetumia viungo viwili. Angezipa 11, 12, 13 na 14, bila kuwaza lolote, angepata vyote vinne. Vifaa vya kisasa huchanganya namba kwa njia ngumu zaidi, kiasi kwamba mpangilio wa namna hii hauonekani tena kwenye matokeo, lakini hata mchanganyiko bora kuliko yote hauwezi kukipita kiwango kile cha bahati nilichokitaja.

Kosa ninaloliona kuwa baya kuliko yote, na ambalo kulirekebisha hakugharimu chochote, ni la kuchagua namba zisizofaa kuchanganywa. Kwenye Linux, mpangilio wa awali wa kufunga viungo hutumia anwani za MAC. Mashine zote zikiwa kwenye mtandao mmoja mdogo, hilo halina shida kubwa. Lakini ikiwa seva inazungumza na watu walio nje ya mtandao wake, kila pakiti hupitia ruta, na pakiti inayokwenda kwa ruta hubeba anwani ya MAC ya ruta, msomaji awe Mwanza, Mombasa au Muscat. Kwa hiyo seva moja na ruta moja hutoa jibu moja la heshi, siku zote. Watu elfu kumi wanaweza kuwa wanaisoma tovuti ile, na data yote ikatokea kebo moja huku nyingine zikiwaka taa tu. Badilisha mpangilio utumie anwani za IP na namba za poti, na elfu kumi wale wanatawanyika. Amri ni ya mstari mmoja. Kumbuka pia kwamba kila upande wa fungu huamua kivyake: swichi ya kushoto huchagua kiungo cha data inayokwenda kulia, na ya kulia huchagua cha inayorudi. Mtu akirekebisha upande mmoja akaenda zake, ametibu nusu ya ugonjwa.

Kuna hali nyingine ambayo inazidi kuenea, nayo ni ya mahandaki. Ofisi nyingi zenye matawi siku hizi hufunga data yote ya tawi ndani ya handaki moja lililosimbwa kwa siri hadi makao makuu. Ni jambo jema kwa usalama. Ila swichi iliyo katikati haioni kilichomo ndani. Inaona anwani mbili tu, ya mlango wa kuingilia na ya mlango wa kutokea, na kwa macho yake wafanyakazi mia tatu wa tawi ni mazungumzo mamoja. Watu walioandika viwango vya intaneti waliliona tatizo hili mapema na wakalitafutia dawa. Mwaka 2011 walieleza jinsi lebo ya mkondo katika IPv6 inavyoweza kutumika kuyatofautisha mazungumzo yaliyomo ndani ya handaki; mwaka 2012 wakaweka lebo maalumu kwenye mitandao ya MPLS kwa kazi hiyohiyo; na itifaki ya VXLAN, iliyoelezwa mwaka 2014, inapendekeza namba ya poti ya mtumaji itokane na heshi ya pakiti ya ndani, ili swichi za njiani zipate cha kutofautishia. Zote hizi ni njia za kumpa kipofu kitu cha kupapasa. Lakini hazijiwashi zenyewe, na vifaa vya pande zote lazima vizielewe.

Niseme kidogo kuhusu idadi ya viungo, kwa sababu hapa hesabu inashangaza. Swichi nyingi zilizotumika kwa miaka mingi hazigawi kwa viungo moja kwa moja. Hugawa kwanza matokeo ya heshi katika visanduku 8, kisha huvigawia viungo visanduku hivyo. Ukiwa na viungo 4, kila kimoja hupata visanduku 2. Ukiwa na 3, mgawanyo ni 3, 3 na 2. Ukiongeza cha tano juu ya vile vinne, mgawanyo ni 2, 2, 2, 1 na 1. Tazama kiungo chenye kazi nyingi: kwenye fungu la 4 kilibeba robo ya data yote, na kwenye fungu la 5 bado kinabeba robo. Kwa hiyo kiwango cha data ambacho kiungo cha kwanza kitaanza kujaa hakijasogea hata kidogo. Ongeza cha sita, ongeza cha saba. Bado kuna kiungo chenye visanduku 2, bado ni robo. Mpaka ufike 8 ndipo mzigo unapungua. Aliyenunua poti na kebo tatu za ziada amepata akiba ya dharura, na hilo lina thamani yake, lakini uwezo alioufuata hakuupata. Swichi mpya zina visanduku vingi zaidi na tofauti hii hupungua sana, kwa hiyo lililo muhimu ni kuuliza kabla ya kununua.

Sasa nijibu wanaopinga, maana wana hoja. Wa kwanza husema: mbona Linux ina namna ya kugawa zamu kwa zamu, tena inafanya kazi? Ni kweli, ipo, na ndiyo namna pekee kati ya zake ambayo mazungumzo mamoja ya TCP yanaweza kuvuka kasi ya kiungo kimoja. Lakini maelezo rasmi ya programu hiyo yenyewe yanaonya kwamba pakiti zitafika zikiwa zimevurugika na TCP itapunguza mwendo. Wapinzani hawa wana hoja yenye nguvu zaidi wanapotaja mambo mapya. Watafiti walionyesha tangu mwaka 2004 kwamba mazungumzo hayatiririki mfululizo. Huja kwa mafungu yenye mapumziko madogo katikati, na pumziko likiwa refu kuliko tofauti ya muda kati ya njia mbili, unaweza kuyahamisha mazungumzo kwenye njia nyingine bila kuvuruga mpangilio. Mfumo wa CONGA ulioelezwa mwaka 2014 uliongeza macho: swichi zikapashana habari za njia zilizojaa na kuchagua zilizo wazi. Mwaka 2021 TCP ilipata kiwango cha kugundua upotevu kwa kutazama muda badala ya kuhesabu kukiri kulikorudiwa, na hivyo ikawa na subira zaidi na pakiti zilizochelewa. Na sasa vituo vinavyofunza mifumo ya akili mnemba vimelisukuma jambo hili mbele. Mazungumzo huko ni machache na mazito mno, yaani ile hali mbaya kuliko zote niliyoihesabu. Wahandisi wa Meta walieleza mwaka 2024 jinsi ugawaji wa heshi ulivyowaangusha katika mitandao yao ya mafunzo, na muungano wa Ultra Ethernet, ulioanzishwa mwaka 2023, umeandika kiwango kinachoruhusu pakiti zitawanywe kwenye njia zote na mpokeaji azipange upya.

Nakubali yote hayo, tena nayafurahia. Ila tazama ni wapi yanapofanikiwa: mahali ambapo mmiliki mmoja anatawala kadi za mtandao, swichi, na programu za pande zote mbili. Kituo cha data cha kampuni kubwa kinaweza kuamuru kwamba kila mpokeaji awe na uwezo wa kupanga upya. Chuo chenye swichi za vizazi vitatu, printa za zamani, kamera za ulinzi na simu za wanafunzi hakiwezi. Kwa mitandao ya namna hiyo, ambayo ndiyo wengi wetu tunaitumia, heshi pofu inayolinda mpangilio bado ni uamuzi wa busara, na atakayeiacha ili apate usawa wa kwenye grafu atawaumiza watumiaji wake.

Wapo wanaosema tusumbuke nini, tununue kiungo kimoja cha gigabiti 10. Mara nyingi nawaunga mkono. Kiwango cha Etherneti ya gigabiti 10 kilipitishwa mwaka 2002, vifaa vyake vimekuwa vya kawaida, na kiungo kimoja kipana kina sifa ambayo fungu halitakuwa nayo kamwe: mazungumzo mamoja yakiwa peke yake yanaweza kuutumia upana wote, na wakija wengi hugawana bila bahati nasibu. Mahali penye seva chache na faili kubwa, kiungo kimoja cha 10 kitalishinda fungu la 1 mara 10 karibu kila siku. Lakini kebo moja ikikatika imekatika, na wale walio kwenye kasi ya juu kabisa inayouzwa hawana kubwa zaidi ya kununua. Wao lazima wafunge.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la wale wa kampuni za intaneti, wanaosema kwamba kwao fungu hugawanyika vizuri na hawaoni sababu ya kelele hizi. Wanasema kweli. Mahali ambapo makumi ya maelfu ya wateja hupita kwa wakati mmoja, kama kwenye vituo vya kubadilishana data vya KIXP Nairobi au TIX Dar es Salaam, mazungumzo ni mengi na kila moja ni dogo likilinganishwa na kiungo. Wingi wenyewe unasawazisha. Sheria ileile ya bahati iliyowaadhibu wale wenye seva 4 huwapendelea wenye wateja 40,000. Kwa hiyo mchana, grafu zao huwa karibu sambamba. Lakini wingi ukipungua au ukubwa ukitofautiana sana, sheria inageuka. Wataalamu duniani huyaita mazungumzo makubwa tembo na madogo panya. Usiku nakala rudufu za seva zinapoanza, tembo wawili wanatosha kukijaza kiungo kimoja na kuwakanyaga panya wote walioangukia humo kwa bahati mbaya. Mwalimu anayeingiza alama za mitihani kwa mbali usiku huo ataona kompyuta yake imeganda, na jirani yake mwenye namba tofauti ya poti haoni tatizo lolote. Malalamiko ya namna hii, ya mmoja anaumia na mwingine hajui kitu, ndiyo yanayowachosha mafundi kwa miezi.

Na huchosha zaidi kwa sababu wengi hutazama grafu ya fungu zima. Kiungo kimoja kikiwa asilimia 100 kinadondosha pakiti, na vingine vitatu viko asilimia 20 kila kimoja, wastani wa fungu ni asilimia 40. Mkurugenzi akioneshwa asilimia 40 atasema mtandao umepumzika, na atakuwa na haki ya kusema hivyo kwa alichooneshwa. Ukweli uko kwenye vihesabio vya kila kiungo, hasa vile vya pakiti zilizodondoshwa. Kama shirika lina fungu la viungo na halina grafu ya kila kiungo peke yake, halijui hali ya mtandao wake.

Faida ile ya pili, ya kuendelea na kazi kebo ikikatika, nayo inategemea nafasi iliyoachwa. Viungo 4 vyenye mzigo wa asilimia 90 kila kimoja vikipoteza kimoja, vitatu vilivyobaki vinatakiwa kubeba asilimia 120. Haviwezi. Aliyelitumia fungu lote kwa uwezo hana tena akiba, na anayeitaka akiba hawezi kuhesabu viungo vyote kama uwezo. Tena, kwenye ule ugawaji wa kuchukua baki, kebo moja ikitoka, mgawanyo unahama kutoka 4 kwenda 3 na takribani robo tatu ya mazungumzo hubadilishiwa kiungo, hata yale yaliyokuwa kwenye kebo nzima. Na kama kati ya swichi kuna kifaa cha kugeuza faiba kuwa shaba, taa inaweza kuendelea kuwaka upande mmoja ilhali njia imekufa. Hapo tegemeo ni LACP, ambayo kwa mwendo wake wa polepole hutuma ujumbe kila sekunde 30 na hungoja hadi 90 kabla ya kukiri msiba, na kwa mwendo wa haraka hutuma kila sekunde 1 na kungoja 3. Sekunde 90 ni muda mrefu kwa mfumo wa malipo.

Kwa wale wenye tembo wasioweza kuepukwa, dawa ya kweli ni kuwapasua kabla hawajafika kwenye swichi. Programu za kuhifadhi data zimekwishaanza kufanya hivyo. Windows Server 2012 ilileta namna ya kunakili faili moja kupitia miunganisho kadhaa kwa pamoja. Linux tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 inaruhusu hifadhi ya NFS kufungua miunganisho mingi kwa seva moja. Na wanaotumia iSCSI kwa muda mrefu wameshauriwa watumie njia nyingi zenye anwani tofauti kuliko kutegemea fungu. Kila muunganisho una namba yake ya poti, na heshi inayosoma poti inapata cha kugawa. Muhimu ni mambo haya mawili yaende pamoja: kufungua miunganisho 8 na kuiacha swichi ikisoma anwani za MAC ni kupoteza usiku.

Nirudi kwa wanaoandika na kupitisha zabuni, maana wao ndio wenye kalamu. Waandike kasi ya juu inayotakiwa kwa mazungumzo mamoja, na kando yake waandike jumla inayotakiwa kwa mazungumzo mengi. Hizo ni namba mbili tofauti na kila moja ina gharama yake. Wataje heshi isome nini, visanduku ni vingapi, na fungu libakie na uwezo gani kiungo kimoja kikitolewa. Na siku ya makabidhiano, kabla ya kutia saini, fundi apitishe mkondo mmoja, kisha apitishe mikondo 100, kwenda na kurudi. Halafu achomoe kebo moja huku data ikipita, arudishe, achomoe nyingine. Vihesabio vya kila kiungo vichapishwe kabla na baada, viambatishwe kwenye hati ya makabidhiano, na nakala abaki nayo mtu wa ofisi ile atakayekuwepo usiku nakala rudufu zitakapoanza.